Mstari Nilioubadilisha Mimi

Kwa Rukia mwanangu,

Assalamu alaykum. Sikuulizi hali, kwa kuwa hali yako naisikia kupitia ukutani: wabishana na mamako kuhusu chupa ya achari, yeye anataka iingie sandukuni, wewe wasema itavunjika. Itaingia, mwanangu. Nimeishi na Bi Khadija miaka ishirini na sita, nimepiga kelele bandari za watu na kugombana na mabaharia wa kila rangi, na bado sijamshinda shauri moja la achari.

Mambo ya kula, ya kuswali, ya kutotembea na simu mkononi huko Nairobi, yote umeambiwa na mamako na shangazi zako watatu. Nikiyarudia nitakuwa kasuku wa tano. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miezi minane, na naliweka hapa mwanzoni kabla mkono haujanisaliti.

Ule mstari uliosimamisha programu yako siku ya yule mama mjamzito, hukuubadilisha wewe. Niliubadilisha mimi.

Soma tena kama hukuamini. Mimi, Lali, fundi wa mashine za boti, babako.

Wajua ilivyokuwa asubuhi ile, ila wajua nusu. Ulikuwa na haraka, boti ya Kiunga yakungoja, wenda kuwafunza manesi kutumia programu ya kuita boti ya wagonjwa. Bwana Shali alikuwa ameacha unahodha, amekwenda zake Kililana kulima simsim, na Bakari ameshika usukani badala yake. Ukaniachia laptopu mezani. Ukasema, "Baba, kazi ni ndogo. Futa nambari ya Bwana Shali, andika ya Bakari, bonyeza hapa, kisha ngoja mtambo ukupe kijani. Usiguse kingine." Ukaniwekea na faili wazi ili nisipotee.

Nambari niliibadilisha vizuri. Laiti ningeishia hapo.

Lakini wanijua. Jana yake ulikuwa ukijaribu matoleo mapya ya ile lugha yenu ya kuandikia programu, Python, na ule ukurasa uliokuwa ukiusoma ulikuwa bado wazi. Kiingereza changu ni cha bandarini, lakini nilielewa: toleo la 3.8 halitunzwi tena na wenyewe, na yapo mapya, mpaka 3.12 na kuendelea. Nikatazama faili yako, na hapo juu, kwenye mstari unaouambia mtambo wa mbali utumie toleo gani kuijenga programu, umeandika 3.8. Nikajisemea, maskini mwanangu, kazi nyingi, amesahau. Nane na kumi na mbili, darasa la sita walinifunza ipi kubwa. Nikafuta nane, nikatia kumi na mbili. Nikabonyeza. Nikajiona kama niliyekununulia mkufu wa dhahabu nikauficha chini ya mto.

Mtambo ukatoa nyekundu. Nikabonyeza tena. Nyekundu. Nikakupigia, simu yako haipatikani. Ningeliweza kurudisha ile nane, mwanangu, ni tarakimu moja tu. Lakini niliona haya hata mbele ya laptopu. Nikaifunga kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua, nikaenda barazani kunywa kahawa, nikisema moyoni utarudi jioni, tutacheka.

Wala sikuelewa nyekundu ile ilimaanisha nini. Nilidhani ni toleo tu lililokataa, na nambari ya Bakari imekwishaingia. Kumbe mtambo ukishindwa kujenga hautoi chochote. Programu ya zamani ndiyo inayobaki ikifanya kazi huko iliko, na ndani ya programu ya zamani nahodha bado ni Bwana Shali.

Alasiri simu yangu ikalia. Shali.

"Lali, mbona naitwa na zahanati ya Pate? Yasema mama ana uchungu, amekwama, boti ije mbio. Nami niko shambani na jembe mkononi!"

"Umeitwa saa ngapi?"

"Simu niliiacha kibandani ikichaji. Naona imeniita mara nne. Ya kwanza ni saa mbili zilizopita."

Rukia, nimewahi kuona wimbi la bahari ya Sham likipanda mpaka juu ya mlingoti. Sikuogopa vile. Niliacha kiatu kimoja barazani, na hata kumpigia Bakari simu sikukumbuka. Nilikimbia pwani yote mpaka gatini, nikamkuta Bakari amelala ndani ya boti, simu yake kifuani, kimya, haijaitwa na mtu. Nikamwamsha kwa kofi. Mengine unayajua. Yule mama alifika hospitali akiwa hai, na mtoto akakaa siku tisa chini ya taa, na leo wote wako kwao. Mungu alistiri. Lakini saa mbili zile ziliungua bure, na aliyeziunguza ni mimi.

Sasa nakuja mahali ambapo nimelishika karatasi hili mara tatu nikaliweka.

Uliporudi kutoka Kiunga ulifungua laptopu, ukaiona nyekundu, ukaiona na ile 3.12, na kando yake jina lililoandikwa ni lako, kwa kuwa laptopu ni yako. Ulikaa pale kwenye kiti cha plastiki, hata buibui hujavua. Ukasema polepole, "Jana nilikuwa nikijaribu toleo jipya. Lazima nimelisahau ndani ya faili, nawe ulipobonyeza likaenda pamoja na nambari. Ni mimi, Baba."

Nami nikasema, "Labda, mwanangu. Mtu hukosea."

Nimesema uongo mwingi maishani. Nimemwambia Mfilipino mmoja kwamba kwetu Lamu punda wana cheti cha kuendeshea. Lakini hakuna neno nililosema na mdomo huu linalonichoma kama lile "labda".

Halafu kikao cha kamati ya boti ya wagonjwa. Ulisimama mbele ya watu wazima, Bwana Aboud mwenyekiti akiwa amekunja uso, ukasema, "Kosa ni langu, sikuangalia kabla ya kuondoka." Naye akajibu lile neno lake, "Ndiyo hasara ya kuwapa watoto roho za watu wacheze nazo." Kisha, wakumbuka, akanigeukia mimi niliyekaa safu ya pili, akasema lau si mbio za Bwana Lali tungezika watu wawili. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Mimi! Na kwa miezi minane nimeisimulia mbio ile barazani, kila nikiisimulia pwani yazidi urefu. Mara ya mwisho nilikuwa nimekimbia mpaka Shela na kurudi.

Nataka ujue kwamba hii si mara yangu ya kwanza, usije ukadhani shetani alinipitia siku moja tu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na nne nilirudi kutoka Jeddah na miwani myeusi na mkanda wenye kichwa cha simba. Kule nilihudumia boti za matajiri, mashine zao mpya, oili ina mahali pake na petroli mahali pake. Hapa kwetu wakati ule mashine zote zilikuwa za aina ya zamani, ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, vinginevyo zajitafuna zenyewe. Nilipewa boti nipeleke wageni wa harusi Pate, wanawake kumi na wawili na masufuria mawili ya pilau. Mwenye boti akaniambia, "Lali, oili hujatia." Nikamjibu, "Mzee, hayo ni ya kale. Jeddah hakuna achanganyaye."

Tulifika katikati ya mkondo wa Mkanda. Mashine ikalia kama mbuzi, ikakaza, ikafa. Na maji yalikuwa yakitoka, bahari yapwa. Tukakaa matopeni kati ya mikoko mpaka maji yarudi, jua la utosi, pilau ikipoa, na bibi mmoja akanitazama na miwani yangu akasema, "Mwanangu, huko Jeddah walikufunza mashine au walikufunza ngamia?" Wanawake wakacheka mpaka boti ikatikisika. Mimi nami nilicheka. Hiyo haikuniuma.

Kinachouma ni nilichosema tulipofika. Nilisema petroli ya Bwana Kombo ilikuwa na maji. Kombo alikuwa akiuza petroli karibu na gati, mtu mpole, ana mguu mbovu. Nani angemwamini Kombo dhidi ya mtu wa Jeddah? Watu wakamkimbia. Haukupita mwaka, akafunga, akahamia Mokowe kuchoma mkaa. Kila Idi tukikutana alinipa mkono wa kulia na wa kushoto akaweka juu yake, akauliza hali ya mamako. Hakujua. Miaka mitatu iliyopita tulipomzika nilibeba jeneza lake, mbele kabisa, ili watu wanione. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia neno moja, Rukia. Yote nikaitumia kungoja siku nzuri.

Ndio maana siku ile ya nyekundu nilipaswa kujua mara mbili. Nilijua tangu mikoko ya Mkanda kwamba kipya si kibaya, na cha zamani si kibaya, ila mashine hupewa ilichotengenezewa. Na nilijua kinachotokea kosa la Lali likibebwa na mtu mwingine. Yote nilijua, na mkono ukabonyeza.

Baada ya kikao kile sikulala vizuri, basi nikaanza kusoma. Usicheke. Ile laptopu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka, uliyosema niitumie kuangalia mpira, sikuangalia mpira. Wewe mwenyewe ulikuwa umeniwekea nakala ya programu nijifunzie, iliyo kando, isiyogusa ile ya kweli. Kila asubuhi baada ya chai nilikaa nayo karakanani kati ya mapropela. Nilikuuliza maswali, wakumbuka? Ulidhani babako azeeka, ataka mazungumzo. Ulinijibu yote kwa subira, na ulipokuwa ukinijibu sauti yako ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake. Kisha ukigeukia kazi yako mwenyewe ukawa wakagua kila mstari mara tano.

Nimegundua kwa nini 3.12 ilikataa. Ndani ya programu yako kiko kipande kimoja ulichokichukua kwa watu wengine, kile cha kutuma ujumbe wa simu. Chenyewe kimezeeka, na wakati wa kujengwa hutafuta kifaa kilichokuwa kikija pamoja na lugha. Katika 3.12 wenye lugha wamekiondoa kifaa kile. Basi kipande chatafuta, hakioni, chaanguka, na jengo lote laanguka nacho. Kilikuwa kitu kidogo hivyo. Niliposoma ujumbe wa kosa kwa mara ya kwanza, neno kwa neno na kamusi, nilikuta umeeleza yote wazi. Siku ile sikuusoma. Niliona rangi tu nikakimbia.

Nikajaribu la chini yake, 3.11. Mtambo ukanipa kijani, Rukia, na maonyo mawili. Nikayasoma maonyo pia, sasa nasoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya biskuti. Na toleo hilo wenyewe bado wanalitunza. Nikajaribu kufuta mstari wote nisiandike toleo lolote, nione. Mtambo ukajichagulia wenyewe lile walilolipenda wenye mtambo wiki ile, na wiki nyingine waweza kupenda jingine, wewe umelala hujagusa kitu. Hilo lilinitisha kuliko nyekundu.

Ile ya kweli sijaigusa. Nakuapia. Kijani imekaa kwenye nakala ya kando, na kitufe cha kuipeleka mbele nilikitazama siku nyingi, na kidole changu hiki kinachojua kila kitu nimekikalia. Ni programu yako. Utachagua wewe, siku utakayochagua wewe, Bakari akiwa amearifiwa na Bwana Shali akiwa na simu yake mfukoni.

Maana nimeona pia ulilofanya tangu siku ile. Umeirudisha 3.8 na hutaki tena kuisogelea. Ukiulizwa wasema, "Yafanya kazi, iacheni." Lakini toleo lisilotunzwa ni boti isiyopandishwa pwani kukwanguliwa, yaelea leo, na chini yake wadudu wanakula mbao. Zamani ungeliniambia hilo wewe mwenyewe na kunicheka. Hukuwa mwoga, mwanangu. Nimekutia woga mimi, kwa kosa lisilo lako.

Na jana nikakusikia kwenye simu na yule Bi wa Nairobi, mkuu wako mpya. Sikutega sikio, nyumba zetu ndizo hivi. Nilimsikia akisema, maana ulikuwa umeweka sauti juu, kwamba programu zao ni nyingi, kila moja yajengwa kwa toleo lake, zimechanganyikana, na kazi ya kwanza anataka wewe ukae uchague ipi ijengwe kwa lipi. Nawe ukamwambia, "Niwekeni upande mwingine. Mimi mitambo ya kujengea si wa kuaminiwa nayo. Nimewahi kukaribia kuua mtu."

Kisha akasema, "Fikiri. Nipe jibu kesho kabla hatujafunga ofisi. Ukikataa nitampa mwingine."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Mamako akanitazama uso, akauliza, "Una nini wewe?" Nikamwambia. Yote, pamoja na Kombo. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Mwambie mwenyewe kabla hajapanda boti ya Mokowe. Usipomwambia, namwambia mimi, na nikimwambia mimi utakuwa umemkosa mara mbili." Tangu hapo chakula ameniwekea, maneno ameninyima.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda barazani. Bwana Aboud alikuwepo, na Shali ameshuka kutoka Kililana, na wengine wanne watano. Nilisimama. Wakadhani nataka kusimulia mbio.

"Bwana Aboud," nikasema, "lile jambo la boti ya wagonjwa. Si Rukia. Ni mimi niliyebadilisha."

Akaweka kikombe chini. "Wewe vipi?"

Nikaeleza. Shali akaanza kucheka, "Yaani ulitia moto kisha ukaja mbio na ndoo ya maji!" akaona hakuna anayecheka naye, akarudi kwenye kahawa yake.

"Na msichana alisimama mbele yetu akajibebesha," akasema Bwana Aboud, "nawe babake umekaa."

"Nilikaa."

"Safu ya pili."

"Safu ya pili."

"Na makofi ukapokea."

"Nilipokea."

Bwana Aboud akanionyesha njia kwa kidole. "Ondoka, Lali. Yeo, leo hii yote, sitaki kukuona hapa. Asubuhi, kabla hajaondoka, nitakuja mlangoni kwako kumuomba radhi mtoto, kwa neno nililomwambia. Nawe usijitie katikati ukaleta hadithi."

Nikaondoka. Hakuna aliyeniita nirudi. Mimi ambaye nikikohoa baraza yote hunyamaza kunisikiliza, nilipita ndia nzima, njia yote hadi nyumbani, nikiisikia miguu yangu.

Sitaki unionee huruma, nimeandika hilo ili ujue tu kwamba kabla hujaondoka mji huu, mji umejua. Huko uendako utakosea, na utakosea ya kweli, ya kwako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama ndio kwanza umesifiwa, maana siku ya pili neno limekuwa zito mara mbili na siku ya tatu limeota mizizi. Sikufunzi hili. Wewe ulikwishalifanya, mbele ya kamati, kwa kosa ambalo halikuwa hata lako. Nilikuwa nimekaa safu ya pili nikiona binti yangu akiwa mtu mkubwa kuliko mimi, nikashindwa kusimama.

Barua hii sitaitia sandukuni uisome ndani ya basi, mahali ambapo huwezi kunifokea. Naipitisha sasa hivi chini ya mlango wako. Sasa ni saa kumi kasoro robo. Ofisi ya yule Bi hufungwa saa kumi na moja. Kabla ya kunipa mimi hukumu yangu, mpigie yeye. Sikwambii ukubali kazi ya mitambo; waweza kuikataa kwa sababu huipendi, au kwa sababu imekuchosha, ni haki yako. Usiikatae tu kwa sababu ya siku ile. Siku ile ni yangu, nirudishie.

Ukimaliza, mimi niko nje, dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni. Ukitaka kupiga kelele, piga. Majirani wameisikia sauti yangu miaka yote, waache yeo waisikie yako. Ukitaka kunyamaza, ndoo, uje ukae nami, tunyamaze. Na ukiona huwezi kunitazama, pita, nitakunja miguu nikupishe.

Nakusikia umeacha kubishana na mamako. Umeingia chumbani. Nainama sasa.

Babako,
Lali